Nadharia ya hisabati na ushahidi wa majaribio katika fizikia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita, na walimu wao, na watu wazima waliosoma fizikia zamani na bado haijawatoka akilini. Karibu yote yanazunguka jambo moja: hesabu iliyoandikwa mezani inapata wapi haki ya kuzungumzia nyota, na kipimo cha maabara kinapata wapi nguvu ya kuibatilisha? Mifano mingi nimeichukua kwenye nguvu ya uvutano, kwa sababu huko ndiko hesabu na vipimo vimepimana ubavu kwa muda mrefu kuliko kwingineko.

Kama hesabu haina kosa, majaribio ni ya nini?

Angalia kisa cha Urbain Le Verrier, mwanafalaki wa Ufaransa. Katika miaka ya 1840 sayari ya Uranusi ilikuwa haifuati njia iliyopangiwa na sheria za Newton. Le Verrier akasema huenda kuna sayari nyingine, mbali zaidi, inayoivuta. Akakokotoa ingekuwa sehemu gani ya anga, akaandika barua Berlin. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle alielekeza darubini huko, na sayari ikaonekana pungufu ya digrii moja kutoka mahali palipotajwa. Hiyo ndiyo Neptuni.

Mwaka 1859 Le Verrier huyohuyo alikutana na hitilafu nyingine. Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, huzunguka kwa njia ya duaradufu, na duaradufu hiyo yenyewe hugeuka polepole karne hata karne. Ilikuwa inageuka kidogo zaidi ya ilivyotakiwa na hesabu za Newton. Akatumia dawa ileile: lazima ipo sayari nyingine karibu na Jua ambayo hatujaiona. Ikapewa jina Vulcan hata kabla haijapatikana. Watu waliitafuta kwa miongo kadhaa, na wengine wakadai wameiona. Haipo.

Mtu ni yuleyule, sheria ni zilezile, namna ya kufikiri ni ileile. Hakuna mstari katika hoja ya pili ambao mwalimu wa hisabati angeutia alama ya kosa. Palipotofautiana ni angani, na hapakuwa na njia ya kulijua hilo isipokuwa kwenda kuangalia.

Basi hisabati inathibitisha nini hasa?

Inathibitisha kwamba ukikubali hili, huna budi kukubali na lile. Ukikubali kwamba uso ni bapa, pembe tatu za pembetatu zitajumlika kuwa digrii 180, na hapo hakuna wa kubisha. Lakini chora pembetatu juu ya uso wa Dunia: anza Ncha ya Kaskazini, teremka hadi Ikweta, fuata Ikweta robo ya mzunguko wa Dunia, kisha panda tena hadi nchani. Pembe zake zinajumlika kuwa digrii 270. Jiometri zote mbili ni sahihi kihisabati. Bernhard Riemann alionyesha mwaka 1854 kwamba jiometri za namna hii ni nyingi mno, na kila moja haina mgongano ndani yake.

Ni ipi kati ya hizo inayotumika katika anga tunamoishi? Hisabati hailijui jibu. Miaka karibu 60 baadaye Einstein, akisaidiwa na rafiki yake Marcel Grossmann, alichukua jiometri ya Riemann na kusema kwamba uvutano ni kupinda kwa anga na wakati. Mwezi Novemba 1915 alikokotoa mgeuko wa ziada wa njia ya Utaridi, akapata sekunde 43 za tao kwa karne. Ndiyo hitilafu iliyomshinda Le Verrier, bila sayari ya kubuni.

(Sekunde ya tao ni digrii moja iliyogawanywa mara 3,600. Sarafu yenye upana wa sentimita 2 ukiitazama kutoka kilomita 4 inachukua takriban sekunde moja ya tao. Kumbuka kipimo hiki, tutakihitaji.)

Inawezekanaje hesabu igundue kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na watu wamelijibu kwa kila namna. Jibu langu ni kwamba mlinganyo mzuri umebeba ndani yake majaribio mengi ya zamani, na ukiusukuma hadi mwisho wake unakuonyesha mambo ambayo waliofanya majaribio hayo hawakujua wameyashika.

Tazama James Clerk Maxwell. Milinganyo yake ya umeme na usumaku ilitokana na kazi za maabara za watu wengi, Michael Faraday akiwa mbele yao. Mwaka 1856 Wilhelm Weber na Rudolf Kohlrausch, huko Ujerumani, walikuwa wamepima uhusiano kati ya chaji iliyotulia na chaji inayotembea, wakapata namba yenye vipimo vya mwendo: takriban kilomita 310,700 kwa sekunde. Hawakuwa wakishughulika na mwanga hata kidogo. Maxwell alipoisuka milinganyo yake pamoja, ikamwambia kwamba mawimbi ya umeme na usumaku yanaweza kusafiri, na mwendo wao ni namba hiyohiyo. Wakati huo Hippolyte Fizeau alikuwa ameshapima mwendo wa mwanga kwa gurudumu la meno na kupata takriban kilomita 315,000 kwa sekunde. Namba mbili, moja ya chaji na moja ya mwanga, zikakaa karibu kiasi kwamba Maxwell akasema mwanga wenyewe ni mawimbi hayo. Kati ya 1887 na 1888 Heinrich Hertz aliyatengeneza mengine maabara, marefu kuliko ya mwanga. Redio, simu na intaneti isiyo na waya vyote vilianzia hapo.

Kisa cha Paul Dirac ni cha kushangaza zaidi. Mlinganyo wake wa elektroni wa mwaka 1928 ulitoa majibu mara mbili ya aliyoyahitaji. Wengine wangeyatupa yale ya ziada. Yeye alijaribu kwanza kuyafananisha na protoni, ikashindikana, na mwaka 1931 akasema waziwazi kwamba ipo chembe yenye uzito wa elektroni na chaji ya kinyume. Mwaka uliofuata Carl Anderson, akipiga picha njia za miale ya kosmiki katika chumba cha mvuke huko California, alikuta njia iliyopinda upande usiotarajiwa. Ilikuwa positroni. Anderson hakuwa anautafuta utabiri wa Dirac, na hilo linaupa ushahidi wake uzito mkubwa zaidi.

Visa hivi viwili vinapendwa sana kusimuliwa, na ndiyo maana vinapotosha. Milinganyo mizuri iliyokufa haisimuliwi. Johannes Kepler, mwaka 1596, alipanga sayari sita kwa kutumia maumbo matano ya jiometri yaliyokamilika, yakiwa yamepachikana moja ndani ya jingine. Ni wazo zuri sana kwa macho, na si kweli. Katika siku zetu, wengi walitarajia kwamba mtambo wa kugonganisha chembe wa LHC, ulio katika maabara ya CERN huko Ulaya, ungezifichua chembe pacha zinazotakiwa na nadharia ya ulinganifu mkuu. Hadi sasa haujafichua hata moja. Uzuri wa hesabu unakupa sababu ya kutafuta. Haukupi ruhusa ya kusema umeona.

Kwa nini kupatwa kwa Jua kwa mwaka 1919 kunatajwa kila mara?

Kwa sababu namba ilitangazwa kwanza, kipimo kikaja baadaye, na kila mtu aliona mpangilio huo.

Einstein alikuwa amekokotoa mwaka 1911 kwamba mwanga wa nyota ukipita karibu na Jua utapinda kidogo. Namba aliyoipata wakati huo ilikuwa takriban nusu ya ile tunayoijua leo, kwa kuwa nadharia yake haikuwa imekamilika. Kikosi kilichoongozwa na Erwin Freundlich kilienda Crimea kupima wakati wa kupatwa kwa Jua Agosti 1914, vita vikaanza, Wajerumani wakakamatwa na vyombo vyao vikachukuliwa. Laiti wangepima siku ile, wangeikuta namba ya Einstein ina kosa, na huenda historia ya nadharia hii ingekuwa nyingine. Mwezi Novemba 1915 nadharia ilikamilika na namba ikaongezeka maradufu: sekunde 1.75 za tao kwa mwanga unaopita ukingoni mwa Jua. Fizikia ya Newton, ukiuchukulia mwanga kama chembe, inatoa 0.87.

Hapo uwanja ukawa wazi kabisa. Kuna majibu matatu tu yenye maana: hakuna mpindo, 0.87 au 1.75.

Tarehe 29 Mei 1919 kivuli cha Mwezi kilianzia Amerika ya Kusini, kikavuka Atlantiki, kikapita kisiwa cha Príncipe, kikakata Kongo na kufika eneo la Ziwa Tanganyika na kaskazini ya Msumbiji wakati jua la huku kwetu likielekea kuzama. Waingereza walipeleka vikosi viwili: Arthur Eddington na Edwin Cottingham wakaenda Príncipe, Andrew Crommelin na Charles Davidson wakaenda Sobral, Brazili. Bahati yao ilikuwa mahali Jua lilipokuwa siku hiyo: mbele ya kundi la Hyades, jirani ya Kilimia, lenye nyota nyingi zinazong'aa. Kwa Eddington mawingu yalifunika karibu muda wote, na picha chache tu ndizo zilizofaa.

Matokeo yalisomwa London tarehe 6 Novemba 1919. Darubini ndogo ya Sobral ilitoa 1.98, na shaka ya kipimo 0.12. Príncipe ilitoa 1.61, na shaka 0.30. Darubini kubwa ya Sobral ilitoa 0.93, karibu kabisa na namba ya Newton, lakini picha zake zilikuwa na ukungu kwa sababu joto la jua lilikuwa limeharibu ulengaji wa kioo. Namba hiyo ya tatu haikupewa uzito.

Kwa hiyo Eddington alichagua data zilizompendeza?

Shutuma hii imekaa muda mrefu, na inastahili jibu la uaminifu. Eddington aliipenda nadharia ya Einstein kabla ya kusafiri, hakulificha hilo. Lakini data za Sobral hazikuwa mikononi mwake. Aliyezisimamia ni Frank Dyson, mkuu wa kituo cha falaki cha Greenwich, mtu aliyekuwa na mashaka na nadharia hiyo. Ripoti ilichapisha namba zote tatu, pamoja na sababu ya kuiweka kando moja. Msomaji wa wakati huo aliachiwa nafasi ya kutokubali, na wengine hawakukubali.

Kilichofuata ndicho muhimu zaidi. Mwaka 1922 kikosi cha kituo cha Lick cha Marekani kilipima tena huko Wallal, Australia, kikapata namba inayolingana na 1.75. Mwaka 1979 picha zilezile za Sobral, pamoja na zile zilizodharauliwa, zilipimwa upya kwa mashine huko Greenwich, na zote zikakubaliana na Einstein ndani ya mipaka ya shaka zao. Leo mpindo huu hupimwa kwa mawimbi ya redio, bila kungoja Jua lipatwe, na usahihi wake ni bora kuliko sehemu moja kwa elfu. Hata kama Eddington angekuwa mdanganyifu, ambavyo hakuwa, jibu lisingebadilika. Ushahidi wa fizikia hauwekwi juu ya mabega ya mtu mmoja.

Jaribio likipingana na nadharia, ni nadharia inayokufa?

Mara nyingi kinachokufa ni jaribio, na watu wa maabara ndio wa kwanza kulijua hilo.

Septemba 2011 kikosi cha watafiti kiitwacho OPERA kilitangaza kwamba nyutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji, zilizotumwa kutoka CERN hadi Gran Sasso, Italia, safari ya takriban kilomita 730, zilifika mapema kwa nanosekunde 60 kuliko ambavyo mwanga ungefika. Ingekuwa kweli, nguzo kuu ya fizikia ya karne nzima ingeanguka. Kikosi hicho hakikudai kimemshinda Einstein. Kilisema kimetafuta kosa kimekosa, na kikaomba wengine wasaidie. Miezi michache baadaye kosa likapatikana: waya wa nuru ulikuwa haujakazwa vizuri kwenye kiunganishi chake.

Wengi waliokuwa na shaka tangu siku ya kwanza hawakuwa wakaidi. Kila kipimo kipya kinawekwa kwenye mizani pamoja na vipimo vyote vilivyotangulia, na vilivyotangulia vilikuwa vingi mno, kwa vyombo tofauti na mikono tofauti.

Lakini kinyume chake hutokea pia. Miaka mingi sumaku ya chembe iitwayo muoni ilionekana kutokubaliana na hesabu, na wengi, mimi nikiwemo, tulitumaini kwamba hapo kuna fizikia mpya. Maabara ya Fermilab ilikamilisha kipimo chake mwaka 2025 kwa usahihi wa kupendeza. Wakati huohuo wanafizikia wa upande wa nadharia walirudia kukokotoa kwa njia nyingine, kwa kompyuta kubwa, na pengo likafifia. Safari hii kilichosogea ni hesabu. Kwa hiyo nadharia nayo ina shaka zake za kipimo, jambo ambalo vitabu vya shule havilisemi vya kutosha.

"Sigma tano" ni nini?

Ni kiwango ambacho wanafizikia wa chembe hujiwekea kabla ya kusema wamegundua. Maana yake: kama chembe mpya haipo kabisa, uwezekano wa bahati peke yake kukuletea dalili kubwa kiasi hicho ni takriban mara moja katika milioni tatu na nusu. Chembe ya Higgs, iliyotabiriwa 1964, ilifikia hapo tarehe 4 Julai 2012. Angalia kwamba sigma tano hazikukingi na waya uliolegea; matokeo ya OPERA yalikuwa na sigma zaidi ya tano. Zinapima bahati, hazipimi uzembe wala kasoro ya chombo.

Afrika Mashariki ina sehemu gani katika habari hii?

Ina sehemu kubwa, na inasikitisha kwamba vijana wengi wa pwani hawajaisikia.

Mwaka 1916 Karl Schwarzschild, akiwa jeshini Ujerumani, alichapisha jibu kamili la kwanza la milinganyo ya Einstein. Ndani ya jibu hilo mlikuwa na jambo la ajabu: mada ikibanwa vya kutosha, hata mwanga hautoki. Leo kitu cha namna hiyo tunakiita shimo jeusi. Kwa miaka mingi wakubwa wa fizikia waliliona jambo hilo kama kasoro ya hesabu. Einstein mwenyewe aliandika makala mwaka 1939 akieleza kwa nini vitu vya namna hiyo haviwezi kuwepo. Mwaka huohuo Robert Oppenheimer na Hartland Snyder wakaonyesha kwa milinganyo hiyohiyo kwamba nyota kubwa iliyoishiwa nishati inaweza kuporomoka bila kusimama. Mwaka 1965 Roger Penrose alithibitisha kihisabati kwamba mporomoko huo hautegemei nyota kuwa duara kamili. Hesabu ilikuwa imekamilika, na angani hapakuwa na hata kimoja kilichojulikana.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitalia baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ya kwanza kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Kwa heshima ya siku na mahali, ikaitwa Uhuru. Kurusha karibu na Ikweta kunaipa roketi msaada wa mzunguko wa Dunia, na kunaiwezesha setilaiti kubaki juu ya Ikweta, ikiepuka ukanda wa chembe kali ulio juu ya Atlantiki ya kusini, ambao ungeyavuruga macho yake.

Uhuru ilikuta vyanzo zaidi ya 300 vya eksirei. Kimoja, Cygnus X-1, kilijulikana tangu roketi za miaka ya 1960, lakini setilaiti ilionyesha kwamba mwako wake unapanda na kushuka ndani ya sehemu ya sekunde. Hapo hesabu fupi inaingia: kitu hakiwezi kubadilika chote kwa haraka kuliko muda ambao mwanga unahitaji kukivuka, kwa hiyo kitu hicho ni kidogo sana. Baadaye darubini za ardhini zikaona kwamba nyota kubwa ya samawati inakizunguka kitu hicho kisichoonekana, na kutokana na mwendo wake wakapima uzito. Kidogo hivyo, kizito hivyo, hakikubaki chochote kingine isipokuwa kile Schwarzschild alichokiandika. Vipimo vya mwaka 2021 vinaupa uzito wake takriban mara 21 ya Jua letu. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Baadaye ushahidi ukaja kwa wingi: mawimbi ya uvutano yaliyonaswa na vipimio vya LIGO huko Marekani tarehe 14 Septemba 2015 kutoka kwa mashimo meusi mawili yaliyogongana, na picha ya kivuli cha shimo jeusi la galaksi M87 iliyotolewa Aprili 2019. Lakini zamu ya kwanza ilikuwa ya chombo kilichoondoka kwenye bahari ya Malindi.

Kama Einstein yuko sahihi, Newton alikosea?

Milinganyo ya Einstein, uvutano ukiwa dhaifu na mwendo ukiwa mdogo, inageuka kuwa ya Newton. Mhandisi wa daraja anayetumia Newton hakosei kitu. Ila mipaka ipo, nayo iko mfukoni mwako: saa za setilaiti za GPS hukimbia mbele ya saa za ardhini kwa takriban mikrosekunde 38 kila siku, kwa sababu uvutano huko juu ni dhaifu, ingawa mwendo wao huzirudisha nyuma kidogo. Mwanga kwa muda huo husafiri zaidi ya kilomita 11. Bila kusahihisha, ramani ya simu yako ingepotea ndani ya siku moja.

Nadharia ya nyuzi ni sayansi, ikiwa haijapimwa?

Nadharia hii, inayosema kwamba chembe zote ni nyuzi ndogo mno zinazotetemeka, ni hisabati yenye kina, na imezaa zana zinazotumika kwingine. Lakini kiwango cha nishati ambacho nyuzi zenyewe zingejionyesha ni takriban mara milioni bilioni ya nishati ya LHC, na hakuna anayejua kujenga mtambo huo. Wapo wanaosema uzuri wake na upekee wake vihesabiwe kuwa ushahidi. Mimi sikubaliani nao. Mashimo meusi yalingoja zaidi ya miaka 50 kati ya hesabu na kipimo, kwa hiyo kungoja si aibu. Ila katika muda wote huo yaliitwa dhana, na ndivyo yalivyostahili kuitwa. Nyuzi nazo ziitwe hivyo.

Nimetunga nadharia yangu inayopinga ya Einstein. Nifanye nini?

Ninapenda swali hili, na anayeliuliza hastahili kuchekwa. Andika milinganyo yako, kisha utoe namba. Nadharia yako lazima itoe 43 kwa Utaridi, 1.75 kwa ukingo wa Jua, na 38 kwa saa za GPS. Lazima pia ieleze jozi ya nyota za nyutroni iliyogunduliwa na Hulse na Taylor mwaka 1974, ambazo zinakaribiana kwa kasi inayolingana na hesabu ya Einstein ndani ya sehemu chache kwa elfu. Namba zote hizo kwa mlinganyo mmoja, bila kurekebisha chochote katikati ya njia. Ukimaliza, tafuta jambo moja ambalo wewe na Einstein mnatofautiana na ambalo linaweza kupimwa, na ulitangaze kabla halijapimwa. Maneno matupu, hata yawe kurasa mia, hakuna chombo kinachoweza kuyapima.

Je, ushahidi unaweza kutangulia nadharia?

Mara nyingi sana, na mfano bora ni wa Tanzania.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza ilikuwa inaisha, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wenzake wakacheka. Osborne alirudi Dar, akaagiza jambo hilo lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala pamoja.

Nadharia ya joto, kwa namna inavyofundishwa shuleni, ilionekana kulikataza jambo hilo: maji ya moto lazima kwanza yafike kwenye joto la yale ya baridi. Lakini hoja hiyo inadhani kwamba maji yanaelezwa yote kwa namba moja, joto lake. Maji halisi hupoteza mvuke, hutoa hewa iliyoyeyuka ndani yake, huzunguka chomboni, na wakati mwingine hushuka chini ya sifuri bila kuganda. Kila moja ya hizi imependekezwa kuwa sababu.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walirudia majaribio kwa uangalifu wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hufika nyuzi sifuri mapema, na wakaonyesha kwamba kukiweka kipimajoto sentimita moja juu au chini kunatosha kuleta matokeo ya uongo. Mwaka uliofuata Zhiyue Lu na Oren Raz wakaleta hesabu inayoonyesha kwamba, kwa mifumo fulani, kilicho moto zaidi kinaweza kweli kupoa mapema zaidi, kwa sababu hakilazimiki kupitia hali ileile ambayo kilicho vuguvugu kimeanzia. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wakaliona jambo hilo maabara, kwa punje ndogo sana ndani ya maji iliyoongozwa kwa mwanga wa leza, likilingana na hesabu hiyo. Tangu hapo limeonekana hata katika mifumo ya kwanta, na jina lililobaki ni la Mpemba.

Kuhusu maji yenyewe, mjadala uko wazi. Mwalimu akitaka darasa lake lishiriki, mambo ya kushikilia ni haya: vyombo viwili vya aina moja, uzito wa maji upimwe kabla na baada ili mvuke uliopotea ujulikane, vyombo visikae juu ya barafu ya friza, vipimajoto vifungwe kwenye kimo kimoja, na kabla ya kuanza iandikwe ubaoni maana ya "kuganda": ni kufika nyuzi sifuri, ni tone la kwanza la barafu, au ni chombo kizima kuwa barafu. Watafiti wengi wametofautiana hapohapo.